Jino la Kazi na Jino la Urembo

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Chumba cha mbele.
Jumatatu, tarehe tisa, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu, Kitinda wetu,

Nakusalimu kwanza, mengine yatafuata. U hali gani huko? Kile kikohozi kimekuacha? Unalala vya kutosha, au bado unabeba zamu za wenzako kwa sababu hujui kusema hapana? Sisi huku ni wazima. Mgongo unaniuma kidogo, lakini mgongo wa fundi wa meno ukiacha kuuma ujue ameacha kazi. Mama ni mzima pia, na ndiye aliyenikalisha hapa leo.

Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita. Nimeisoma mara nne, mara ya kwanza nikiwa kwenye foleni ya mkate, na watu wakanipita bila mimi kuona. Unauliza umemkosea nini mama. Unasema ni miezi mitano sasa hapokei simu ya picha, anakujibu kwa ujumbe wa maneno mawili, "nipo salama", "nina kazi", basi. Unasema umechoka, hutapiga tena, na ile tiketi ya kuja nyumbani mwezi wa nane utairudisha. Nilikuwa nimeapishwa nisiseme kitu. Sasa nasema, na lawama nitaibeba mwenyewe.

Mama hana kinyongo na wewe. Mama alivunjika meno.

Unajua anavyokata uzi. Miaka thelathini na zaidi pale kwenye cherehani, mkasi uko mezani, yeye anainama anakata kwa meno yale mawili ya mbele ya juu. Yakaliwa kidogo kidogo. Mwezi wa kwanza, akimalizia suruali ya kazi ya yule dereva jirani yetu, la kushoto likakatika karibu na ufizi na la kulia likapata ufa. Suruali ilitoka kwa wakati, usiwe na wasiwasi. Ila tangu siku hiyo akawa anaongea kiganja kikiwa mdomoni, kama mtu anayezuia chafya.

Alinikataza kukuambia kwa sababu anakujua. Alisema ukisikia tu, utairudisha tiketi na kumtumia hela za meno, na yeye anataka kukuona wewe, hataki kuona meno. Kwa hiyo akajificha ili uje. Na wewe ulipoona anajificha, ukaamua usije. Nilipolielewa hilo nilitoka kwenye foleni bila mkate.

Sasa nikupe habari za bima, ujue hatukukunja mikono. Kadi yangu ya kazini inamhudumia mama kama mtegemezi wangu. Inalipia kung'oa, kuziba, na hata kuvisha jino lililovunjika kofia ya kauri, lakini ni kwa meno ya nyuma, kwa kuwa ndiyo yanayotafuna. Meno ya mbele imeyaweka kwenye ukurasa wa urembo, jirani na kung'arisha rangi. Miaka tisa natengeneza kofia za meno kila siku iendayo kwa Mungu, na ukurasa ule sikuwahi kuusoma.

Tulikataliwa mara mbili. Fomu ya rufaa iliuliza kama meno hayo yanamzuia mgonjwa kufanya kazi yake. Nikamwambia mama ajaze ndiyo. "Mkasi ninao," akanijibu, "sitaidanganya karatasi." Unamjua. Mwishowe daktari wa meno, yule mama mpole anayetuletea kazi pale karakana, akawaandikia watu wa bima kwamba meno ya mbele hayakuwekwa kwa ajili ya kutabasamu tu, bali ndiyo yanayoyapa maneno sura yake, na mgonjwa wake ameanza kuacha kuongea na watu. Tukasubiri wiki tatu. Jibu likaja kwamba bima inalikubali jino moja kama jino la kazi, la pili linabaki kuwa urembo.

Tulikaa mezani, mimi na mama, tukitazamana. Meno mawili yaliyoota pamoja, yakaishi bega kwa bega tangu utoto, leo moja limeajiriwa na jingine linaambiwa linazurura. Mama akafikiri sana, akaamua kwamba la kushoto ndilo la kazi, la kulia lilikuwa linasaidiasaidia tu. Tukacheka mpaka akasahau kuweka kiganja. Hilo la urembo linakatwa polepole kwenye mshahara wangu, na bosi kanipa kauri kwa bei ya kununulia. Usiulize kiasi, na usithubutu kutuma chochote.

Kofia zenyewe nilizitengeneza kwa mkono wangu. Kwa kawaida mtu akivunjika jino moja, tunafuata umbo la mwenzake wa upande wa pili. Kwa mama hakukuwa na la kufuata, maana la kulia nalo lilikuwa limelika na kupasuka, na picha zake zote amefumba mdomo. Nikakaa pale dirishani na brashi yangu, mchana, jua likiingia kwa upole. Kauri hupakwa mbichi, tabaka juu ya tabaka, na ncha ya jino inatakiwa ikaribie kuwa maji, mwanga upite. Ukikaa na kazi hiyo muda mrefu unaanza kuelea. Mashine ya kusagia inasikika kama iko nyumba ya tatu, na unawaona watu usiowajua wakila, wakicheka, wakimwita mtoto aingie ndani.

Katika kuelea huko nikaikumbuka plasta yako, ile sanamu ya meno yako. Ulikuwa na miaka kumi na saba, mimi mwanafunzi, nikakung'atisha lile rojo la rangi ya waridi la kuchukulia umbo la meno, kwa ajili ya mtihani wangu, ukanitapikia kiatuni na kuniita mchawi. Taya lako la juu bado liko kwenye boksi chini ya meza yangu, na jina lako limeandikwa kwa penseli. Mama mkubwa husema siku zote kwamba ulizaliwa na mdomo wa mama mzima mzima. Nikaliweka dirishani nikalitazama: mwanya mwembamba katikati, na la kulia limemwegemea mwenzake kidogo. Nikayafuata hivyo hivyo. Mchana kutwa nilikuwa na wewe pale. Nililia kidogo pia, maana barua yako ilikuwa mfukoni mwangu.

Jumatano iliyopita daktari akayagandisha, akampa mama kioo. Mama akajitazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nasubiri alalamikie rangi. Akanyoosha kidole akagusa kioo, akasema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kumwamsha mtu, "Mbona hakusema kama anakuja?"

Daktari akanitazama mimi, nikamnong'oneza kwamba amekuona wewe.

Nyumbani nikampa barua yako. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia kwenye droo ya vifungo. Hakunigombeza. Baadaye, akiwa anapiga pasi, akaniagiza nikuandikie kwamba meno yamekwisha kupata wa kuyalipia, na kwa hiyo tiketi ile haina tena kitu cha kununua isipokuwa safari. Mengine ni mazuri. Daktari amempiga marufuku kukata uzi kwa meno, sasa mkasi anautundika shingoni kwa utepe na kuunung'unikia kutwa nzima.

Barua hii nampa dereva jirani, anaondoka kesho na mzigo wa kuja huko, na ameahidi kukuletea kabla ya Ijumaa. Mpe maji ya kunywa, ana moyo mzuri. Mama mkubwa anakusalimu na kuuliza kama umenenepa. Bosi wangu anakusalimu pia. Anasema anakufahamu kwa taya tu, lakini ni taya la mtu wa heshima. Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe usingizi mzito, na mlango utakaougusa ukafunguke.

Salamu za mama sikuandikii. Amekataa. Anasema zake atakupa kwa mdomo wake, Jumapili saa kumi alasiri, kwa simu ya picha. Pokea.

Ni mimi, dada yako,
ninayekupenda tangu ulipokuwa huna jino hata moja.