Mwalimu Abdulghani wa Jomvu Kuu, Aliyetufunza Kujikagua

Mwaka umetimia, Abdulghani, tangu asubuhi ile ya Alhamisi ulipovaa kofia yako nyeupe, ukanywa chai ya rangi nusu kikombe, ukamwambia mkeo Salha, "Nakwenda, nibakishie mahamri mawili." Mahamri yalibaki. Kiti chako cha barazani kipo palepale, na mama yako Bi Dhahabu hataki mtu akikalie, hata awe mgeni wa heshima namna gani.

Wengi walikuita Mwalimu bila kujua ulifundisha nini. Mtoto wa Jomvu Kuu, mjukuu wa wakulima, miaka kumi na tisa ulifunza watu kurusha ndege ndogo, zile za viti viwili. Ulipoanza kazi hiyo Bi Dhahabu alikuuliza, "Sasa mwanangu, watu watoe pesa wakufuate kusomea kupaa?" Ukamjibu, "Kupaa hata tiara ya watoto inapaa, mama. Mimi nafundisha kushuka."

Kikombe chako cha kioo hatujakisahau. Kila asubuhi, kabla injini haijawashwa, ulichuruza mafuta kidogo kutoka chini ya tangi la kila bawa ukayatazama. Hewa ya pwani yetu ina unyevu. Tangi lisilojaa likilala, maji hujikusanya ndani, na injini haiendi kwa maji. Mafuta ya ndege zile ni ya buluu. Siku moja mwanafunzi wako Lenox, wa Changamwe, aliinua kikombe juu akasema, "Safi kabisa, Mwalimu, buluu!" Ukavua kofia, ukaishika nyuma ya kikombe. Buluu yote ikatoweka. Yalikuwa maji matupu.

"Buluu ile ni ya mbingu ya Mola, Lenox. Yako wewe iko wapi?"

Tangu siku hiyo hakuna mwanafunzi wako aliyepima mafuta bila kitu cheupe nyuma ya kikombe.

Na ulikuwa na neno lako: kagua ndege mara moja, jikague mara mbili. Umelala? Umekula? Waumwa? Umemeza dawa gani? Una hasira na nani? Kaka yako mkubwa, Mansur, alipokuja uwanjani siku moja akifoka juu ya mambo ya mashamba, ulimkataza hata kuigusa ndege. "Kwa hasira hizo, kaka, mimi hata baiskeli sikupi." Wanafunzi walicheka mpaka wakakaa chini. Mansur naye alicheka, jambo ambalo si la kila mwezi.

Mansur ndiye aliyeomba yanayofuata yaandikwe, na yaandikwe gazetini, si yanong'onwe uani. Kila mtu Jomvu na Miritini anamjua: hakumaliza darasa la saba, sheria alijisomea mwenyewe, na anakumbuka tarehe ya kila ahadi ya mfereji wa maji tuliyopewa, pamoja na jina la aliyeitoa. Hajawahi kukosa neno mbele ya mkubwa yeyote. Lipo moja tu ambalo hakulitoa.

Siku kumi na moja kabla ya Alhamisi ile, alikukuta chumba cha uani umeshika kifua, jasho linakutiririka. Akakusugua kwa mafuta ya habasoda mpaka maumivu yakapoa.

"Twende kwa daktari, ndugu yangu."

"Usinene, kaka. Nikimwona daktari wa marubani leo, kesho sina kibali cha kurusha. Milcah amebakisha safari mbili tu arushe peke yake. Nikishamfikisha, nitakwenda."

"Apa."

"Wallahi nitakwenda."

Mansur akanyamaza. Wewe uliyewauliza wenzako kila siku kama wanaumwa, mwenyewe uliumwa ukaficha. Kwa hilo tumekukasirikia, Abdulghani, na kukupenda hakutuzuii kulisema. Tunaukasirikia pia utaratibu unaomfanya mtu mzima amwogope daktari kuliko kifo.

Yaliyotokea angani tunayajua kwa kinywa cha Milcah, binti wa Changamwe, mwenye asili ya bara, aliyekuwa nawe. Kukabidhiana usukani kwako kulikuwa kama ijabu na kabuli za ndoa: maneno lazima yasikike. Wewe unasema, "Ni yako." Mwanafunzi anajibu, "Ni yangu." Unathibitisha, "Ni yako," ndipo unaachia. Asubuhi ile mlikuwa mnarudi, uwanja mmeshauona. Ukasema, "Ni yako." Akajibu, "Ni yangu." Akangoja neno la tatu. Halikuja. Alipogeuka, kichwa chako kilikuwa kimelala begani.

Aliishusha ndege peke yake, akisema kwa sauti kila ulilomfunza, ila aliishusha kwa kishindo na gurudumu la mbele likavunjika. Yeye hakuumia. Daktari aliandika kwamba moyo wako ulisimama mkiwa bado hewani. Lakini nani husoma karatasi ya daktari? Hitima haijakwisha, maneno yakaanza: mtoto wa bara kamwangusha mwalimu wetu, kishindo ndicho kilichomuua.

Na Mansur? Mansur alichukua mabango. Miezi kumi alisimama nje ya lango la chuo ulikofundisha, bango limeandikwa kwa mkono wake: NANI ALIMUUA MWALIMU? Tukamfuata, sisi sote, maana hatukujua. Kila bango lilipoinuliwa watu waliliona jina la Milcah, ingawa halikuandikwa. Binti akaacha kurusha. Akaacha hata kupita njia ya Jomvu. Na aliyejua jibu la swali lile ndiye aliyekuwa amelishika.

Jumamosi mbili zilizopita Mansur alitukusanya ukumbini, akampigia simu Milcah aje. Binti aliingia ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Usiniamkie kwanza," Mansur alisema. "Nisikilize, kisha uone kama nastahili."

Akaeleza yote, chumba cha uani na habasoda na kiapo. Bi Dhahabu ndiye aliyesema kwanza. "Mansur! Kinywa chote hicho, neno moja likakushinda kulitoa?"

"Lilinishinda, mama."

"Kwa nini?"

"Ningelitoa, jibu la lile bango lingekuwa mimi."

Milcah alikuwa analia bila sauti. "Mwaka mzima, mzee. Mwaka mzima nilijua ni mimi."

"Na mimi nikakuacha ujue hivyo."

Ndipo Milcah akatuambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kabla hujasema lile neno la kwanza, ulikirudisha kiti chako nyuma hadi mwisho na ukaukaza mkanda. Alishangaa, asiulize. Sasa alielewa: ulitaka ukianguka usiulalie usukani. Ulijua, Abdulghani. Ulikosea siku kumi na moja, na katika dakika ya mwisho ukamkumbuka mwanafunzi wako.

Salha alitoka akarudi na kofia yako, akamwekea Milcah mapajani. Binti akaishika kitambo. Kisha akainua uso.

"Shikamoo, mzee."

Mansur aliitikia. "Marahaba, mwanangu."

Jumanne iliyopita, baada ya siku chache za kurudi masomoni, Milcah alikuwa arushe peke yake kwa mara ya kwanza. Tulikwenda sote uwanjani, Bi Dhahabu kavaa leso mpya, Nadira binti yako kabeba birika la chai. Tulimwona akiizunguka ndege, akigusa kila bawaba. Akachuruza mafuta, akaweka kofia yako nyuma ya kikombe. Buluu ikabaki buluu. Kisha akasimama, mkono kifuani mwake, akijikagua.

Akamwendea mwalimu wake mpya, Gershom. Tulimsikia vizuri.

"Ndege ni nzima, Mwalimu. Mimi si mzima. Sikulala, na mikono inatetemeka. Leo sirushi."

"Mama yake Mwalimu katoka Jomvu kuja kukutazama."

"Atakuja tena."

Gershom akatikisa kichwa kukubali, akafunga kitabu. Hapo Mansur alianza kupiga makofi, peke yake, mtu wa mabango, machozi yanamshuka, mpaka sisi wengine tukamfuata. Hakuna safari yako yoyote iliyowahi kupigiwa makofi kama hiyo ambayo haikuondoka.

Unakumbukwa na mama yako Bi Dhahabu, mkeo Salha, binti yako Nadira, kaka yako Mansur, anayemwomba Milcah radhi mbele ya kila asomaye, wanafunzi wako Lenox na Milcah, na jamaa wote wa Jomvu Kuu. Mola akulaze mahali pema. Ndugu msomaji, kama kuna aliyekwambia "usinene" na huku ameshika kifua, nena leo.

Tutakukumbuka daima, Abdulghani, na safari hii hatutanyamaza.