Lengalenga Yangu Nyekundu, ya Assia Kijani

Mama Houda wa redio, salamu. Nisaidie mbio, ndoa inaniponyoka.

Mi ni Tajudini wa Cibitoke, bibi yangu alishakufa, nimebaki mujane. Ninapakuaka chumvi ku bandari. Magunia ya kupasuka ninaleta nyumbani, ninakung'utia mu kiwanja. Udongo umekuwa chumvi tupu. Lakini mboga ya lengalenga inaota pale, fupi, majani manene, nyekundu.

Jirani yangu Assia, naye mujane, akaonja. "We baba, hii inanisahaulisha nyama!" Nikamupa mbegu, nikamuambia nataka kumuoa. Akasema sawa, tungoje mboga iote. Imeota kwake: ndefu, kijani, ya kawaida. Sasa anapiga kelele mu parcelle yote, majirani wote wasikie: "Tajudini muongo! Mbegu muzuri amejifichia. Mwanaume anadanganya ku mboga, mu ndoa atafanya nini?"

Wallahi, mbegu ilitoka mu mufuko mumoja. Nimeshatayarisha gunia ya chumvi. Akienda soko, namwaga kwake, yake pia iwe nyekundu. Ni vizuri?

*

Apana, Tajudini! Iyo gunia rudisha leo. Kwake kuna maharagwe na matomati, utaua vyote. Unataka bibi ao unataka kesi?

Pole, lakini. Hujadanganya. Nimeuliza agronome, mutaalamu wa kilimo, akacheka, akanieleza. Ndani ya mbegu kuna maagizo, wanayaita jeni. Hayafanyi kazi yote kila siku. Chumvi ikigusa mizizi, mumea unashituka, unaamusha jeni zenye zilikuwa zinalala na kuzima zingine. Kuna yenye inasukuma chumvi inje, kuna yenye inaifungia mu majani isiunguze, kuna yenye inaongeza iyo rangi nyekundu. Kazi yote iyo inachosha, ndiyo maana yako ni fupi. Kwa Assia chumvi hakuna, jeni izo zimelala, mboga inajirefukia tu. Mbegu ni ileile.

Usimuelezee Assia maneno haya. Mwanamuke mwenye hasira hasikilizi jeni. Mupelekee beseni mbili: moja udongo wako, moja udongo wake. Mufuko wa mbegu umupe yeye, apande na mukono wake mwenyewe, akae nazo kwake. We kazi yako ni kuchota maji na kunyamaza.

Siku ataona moja imekuwa nyekundu na ingine kijani, atakuita. Enda umenyoa ndevu. Na usisubutu kusema, "Si nilikuambia?" Ukisema ivyo, mi simo, utakula lengalenga peke yako mupaka uzeeke.