Mayai ya Mjomba

Jumatatu, 7 Februari 1955

Mgongo unauma tena. Chai, mayai mawili ya kuchemsha, kipande cha muhogo. Mayai ya Somoe ni matamu kuliko ya hapa Mkunya. Dada yangu hanisahau. Kila Jumapili kikapu kinafika kutoka Chilangala: mayai, na wakati wa mavuno kunde na njugumawe. Ndivyo marehemu mama alivyomlea. Mjomba kwanza.

Darasa la nne, somo la afya. Nimeandika ubaoni: vyakula vya kujenga mwili ni nyama, samaki, maziwa, mayai, kunde. Wameimba mpaka sauti zikawakauka. Walioshindwa kukariri nimewachapa viboko vinne vinne. Mmoja kajikojolea. Mtoto asiyeogopa hashiki kitu.

Alhamisi, 10 Februari

Mama mmoja wa Chilangala kanikuta shuleni. "Shikamoo Mwalimu. Mpwao kavimba."

Mfaume, mtoto wa Somoe, miaka miwili na nusu. Miguu, mashavu. Nywele zimekuwa nyekundu. Mwezi uliopita nilimfinya shavu nikasema amenenepa. Sasa wanawake huko wanakoteka maji wanasema kabemendwa. Baba kafanya uchafu nje wakati mtoto bado yuko ziwani, na uchafu umemwingia mtoto. Kila mtu anajua ugonjwa huo unavyokuja.

Basi ni Chande, mume wa Somoe. Alirudi mwaka jana kutoka kukata mkonge Lindi, mtoto bado ananyonya. Siku hiyo hiyo Somoe alimwachisha ziwa, kwa kuogopa hayo hayo. Bure. Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Jumapili, 13 Februari

Chilangala. Mfaume kakaa mkekani, hachezi. Nzi wako machoni, hawafukuzi. Nilibonyeza mguu wake, shimo likabaki pale pale.

Nilimwuliza Somoe ni nani aliyekosa. Kamfukuzia mtoto nzi. Nikampiga kofi. La pili likampasua mdomo. "Kaka, wallahi sijui nilichokosa." Mtoto alikuwa anatutazama.

Chande akaingia, jembe begani. Akaapa kwamba tangu aoe hajagusa mwanamke mwingine. Nani aliyetoka kambi ya mkonge akawa msafi? Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Akifa, nitakayeulizwa ni mimi mjomba wake, si yeye mpita njia.

Nimerudi na kikapu changu cha mayai. Mdomo unavuja damu, bado kaniwekea.

Jumatatu, 14 Februari

Sikufundisha. Nimekwenda na binamu zangu wawili. Tumemkuta Chande shambani anapalilia. Hakukimbia. Nilimnyang'anya jembe nikatumia mpini.

Mkono wake ulivunjika, nikausikia. Nikaendelea. Pigo la jicho sikulikusudia. Au nililikusudia. Binamu zangu ndio walionishika mwishoni, wakasema yatosha, utaua. Somoe alikuwa ukingoni mwa shamba na Mfaume mgongoni, anapiga mayowe.

Nilijisikia vizuri. Hapa hakuna anayesoma, kwa hiyo naandika kweli. Nilijisikia vizuri mpaka nimefika nyumbani.

Jumatano, 16 Februari

Ndugu zake Chande wamekuja shuleni saa nne asubuhi. Wanne, na marungu. Mlango wa darasa chini. Watoto wameruka madirishani. Wamenipiga mbele ya ubao wangu mpaka nimeanguka, kisha wameuvunja ubao wenyewe mgongoni mwangu. Meno mawili yametoka. Mbavu sijui.

Mdogo wake kanikanyaga shingo. "Kaka hataona tena kwa jicho la kulia, Mwalimu. Na mpwao anazidi kuvimba. Utampiga nani sasa?"

Hilo la mwisho limeniuma kuliko mbavu.

Alhamisi, 17 Februari

Nimelala kutwa. Siwezi kutafuna. Nimekunywa mayai mabichi.

Jumamosi, 19 Februari

Somoe kaja Mkunya kwa miguu, mtoto mgongoni. Mganga kampa hirizi na mizizi, wapi. Ngozi ya mapaja ya Mfaume inabanduka kama ya mtu aliyeungua. Somoe hakuniamkia. Hajawahi kuacha kuniamkia tangu tukiwa wadogo. Kasema tu, "Nipeleke Newala."

Tumepata lori la makopa ya muhogo. Hospitali, dresa anayetibu ni mtu wa makamo wa Masasi. Nilimweleza habari za Chande na mkonge. Hakunisikiliza. Alimgeukia Somoe, akamwuliza mtoto anakula nini.

"Ugali wa muhogo."

"Kwa mboga gani?"

"Mchuzi wa kisamvu. Siku nyingine chumvi."

"Kunde hamkulima?"

"Tulilima. Tulimpelekea kaka."

"Kuku je?"

"Tunao."

"Mayai anakula nani?"

Hapo Somoe akanitazama, mara ya kwanza siku nzima. "Mtoto akila mayai anakuwa mwizi. Na yale ni ya mjomba."

Dresa akaweka kalamu chini. "Huyu hakubemendwa na mtu. Mmemtoa ziwani mkampa muhogo mtupu. Tumbo limejaa, mwili una njaa." Kisha akaniuliza nafanya kazi gani.

Nikamwambia mimi ni mwalimu.

Jumapili, 20 Februari

Nyani haoni kundule. Miaka yote nimeandika ubaoni kwa mkono huu, mayai, kunde, na tumbo langu limejaa mayai na kunde za mtoto yule. Nimempiga dada yangu kwa kosa la kuniheshimu. Nimempofua mtu ambaye hakufanya lolote.

Chande yuko hospitali hii hii, wodi ya wanaume. Nimefika mpaka mlangoni. Kichwa kimefungwa bandeji, mkono umefungwa vibao. Nimegeuka. Mwoga mimi.

Jumanne, 1 Machi

Maziwa ya unga, kijiko kwa kijiko. Uvimbe umeshuka na sasa naona kilichokuwa ndani. Mifupa. Hicho ndicho nilichokiita kunenepa.

Leo Mfaume kalia. Dresa anasema anayelia anataka kuishi.

Nimeingia kwa Chande. Nimemwambia yote, na habari ya mayai. Sikumwomba radhi, sikuona pa kuanzia. Aliniuliza jambo moja tu. "Mwanangu kala?" Nikasema kala. Akageukia ukuta.

Jumapili, 20 Machi

Chilangala. Safari hii kikapu nimekibeba mimi: kunde, choroko, samaki wakavu. Mvua ilinyesha asubuhi, njia ina utelezi.

Somoe kanikaribisha. Kaniamkia, lakini kwa mbali. Chande alikuwa kibarazani anapukuchua kunde kwa mkono mmoja, anageuza kichwa kizima ili aone. Nikakaa.

Nimechemsha yai mwenyewe. Nimelimenya mwenyewe. Mfaume alikuwa mkekani, nywele nyeusi zinaanza kuota. Nikanyoosha mkono kumpa.

Akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Hakulia. Alikaa hivyo, anangoja.

Nimeliweka yai mkekani, nimesogea mpaka uani. Chande akaja akachuchumaa, akaliokota kwa ule mkono mzima, akalipuliza vumbi. Mtoto akashusha mikono. Kala lote.