Birika Lako, Dada, na Milango ya Muze

Dada yangu Yustina, uliyelala Muze,

Mimi mdogo wako ni mtu wa bahati. Hapa sokoni Sumbawanga wote wanajua: nimeuza mitumba Tunduma, nimekula ugali wa Zambia, na mwaka ule wa kipindupindu ugonjwa ulifika mlangoni kwangu, ukanitazama, ukaruka kwenda kwa jirani. Wapo wanaocheka. Wacheke, mimi mzima.

Ila leo nimepita kwenye msiba, nikamwona binti amesimama na birika, anawamiminia watu maji mikononi, mmoja mmoja. Nikakukumbuka wewe.

Mwaka ule wa kipindupindu, Bwana Afya alishuka kule kwetu Muze bondeni na gari la kipaza sauti. Akatangaza hakuna matanga, na kila mgonjwa apelekwe kwenye mahema ya serikali. Watu wakafunga milango. Wasukuma wakawahamishia wagonjwa wao porini kwenye kambi za ng'ombe. Sisi Wafipa tukawaficha wetu nyuma ya vihenge vya mahindi. Ilisemwa dawa yao ya kutia kwenye maji ndiyo inayoua. Na jirani yetu mzee Kalisto, aliyekufa kwa ugonjwa huo, alikuwa ndani, hajazikwa.

Ukamfuata Bwana Afya na akina mama wenzako wa parokia. Macho yake mekundu kwa kukosa usingizi, akasema amri ni amri. Ukamjibu taratibu, "Baba, wewe una dawa, sisi tuna milango. Gonga peke yako, uone nani atakufungulia."

Halafu akauliza, "Mnataka nini, mama?"

Ulitaka mzee azikwe na watu wake, ila lile beseni moja la kunawia msiba mzima liondoke. Yeye alete dawa, nyie mmimine maji kwa birika. Ukayanywa yale maji ya dawa mbele ya waombolezaji. Nikakutania kwamba wiki ikiisha hujafa nitakununulia khanga. Kisha mkaenda naye nyumba hadi nyumba, wewe ukibisha hodi kwa Kifipa, mama mmoja wa Kisukuma akiita kwa lugha yake, yeye nyuma na dumu la dawa. Milango ikafunguka. Wengi walibebwa hadi mahemani, wengi wakarudi wazima.

Wewe nawe ukaugua, hukurudi. Khanga ninayo mpaka leo.

Pumzika, dada, wanao hawajambo. Na ile bahati yangu ni uongo. Ugonjwa haukuniruka. Ulinilaza hemani, na aliyenibeba na kunifulia mashuka ni wewe.

Mimi,
mdogo wako wa mwisho