Jina Ambalo Mjomba Hakulitaja

Washington, 6 Februari 1984

Mpendwa Mjomba Kee,

Kabla hujaendelea, nakuomba barua hii uisome peke yako. Usimwonyeshe mtu, hata mama yangu, na ukimaliza uitie jikoni iungue. Usiifungulie dukani unapochukulia barua, maana pale kila mtu husoma juu ya bega la mwenzake. Ikijulikana kwamba nimekuandikia haya, kazi sina, na huenda nikashtakiwa.

Baada ya hayo, hujambo? Kikohozi kimepungua? Bibi anakula? Mimi mzima, ila baridi ya huku ni ya majimaji na nyama yao haina harufu ya moshi.

Mjomba, unajua kwamba mimi ni karani katika ofisi inayopokea maombi ya askari wa zamani wanaotaka vyeti vyao vya kuachishwa jeshi vibadilishwe. Ombi lako limepita hapa. Sheria inanikataza kugusa jalada la ndugu. Sikuligusa. Lilikuwa wazi kwenye meza ya mwenzangu nikalisoma nikiwa nimesimama. Wamelikataa. Jibu rasmi litakufikia baadaye, na likifika ujifanye ndiyo kwanza unasikia.

Sababu yao ni mstari mmoja: "Mwombaji haelezi kwa nini alikataa amri." Ni kweli, Mjomba. Pale pa maelezo umeandika maneno matano tu: "Kulikuwa na kazi sikuweza kuifanya."

Bado unaweza kuomba kusikilizwa ana kwa ana, mradi ombi lifike kabla ya tarehe 14 Novemba mwaka huu, siku utakapotimiza miaka kumi na mitano tangu uachishwe. Siku hiyo ikipita, bodi hii haitakusikiliza tena. Andika amri ilikuwa ya nini, nani aliitoa, na yule marehemu anayetajwa kwenye jalada lako alikuwa nani. Jina lake kamili. Bila jina hawana pa kuanzia kuhakikisha.

Najua ninachokuomba. Nakuomba hivyo hivyo.

Mpwa wako,
Verna


Lukachukai, 1 Machi 1984

Mpwa wangu Verna,

Barua yako nimeisomea ndani ya pikapu, vioo vimefungwa, shahidi ni mbwa tu, na yeye hajui kusoma. Kisha imeungua kama ulivyoagiza.

Sisi wazima. Bibi yako anakula kuliko mimi, kisha analalamika kwamba kondoo wa mwaka huu ni wagumu kwa sababu mimi ni mvivu. Kikohozi kipo, tumezoeana.

Juzi nilikwenda tena shuleni kuomba kazi ya kuendesha basi la wanafunzi. Binti wa pale ofisini akasema, "Cheti chako cha jeshi, mzee." Mzee! Nina miaka thelathini na saba. Nikampa. Akakishika kwa ncha za vidole kama nepi ya mtoto.

"Hapa wameandika hufai," akasema.

"Binti, njia hizi naziendesha miaka kumi na mitano, tope na theluji. Hilo basi linakwenda kwa dizeli au kwa karatasi?"

Akacheka, lakini kazi hakunipa. Dereva waliye naye amelitumbukiza korongoni mara mbili tangu Krismasi. Cheti chake ni safi.

Sasa hilo uliloniomba. Umesoma hadi chuo kikuu, lakini umelelewa hapa hapa. Unajua kwamba kwetu Wanavaho aliyekufa haitwi kwa jina, asije akarudi. Nitakueleza mara moja, usinirudishe tena.

Kule Vietnam walinipanga chumba cha maiti, kuosha na kufunga. Kwa mtu wa kwetu, asiyegusa maiti, hiyo peke yake ni adhabu, lakini nilifanya miezi minne. Asubuhi moja wakamleta kijana wa ukoo wetu. Kibati chake cha shingoni, chenye jina na namba, kilikuwa kimepotea. Sajenti akaniambia, "Wewe Mnavaho, huyu ni mwenzako. Unamjua? Taja jina tumwandike." Nilimjua. Tumechunga pamoja. Nikanyamaza. Akaniamuru mara tatu mbele ya watu. Nikavua glavu nikatoka, na huko nje ndiko walikonikamata.

Ningemwita, angeitikia. Angegeuka arudi mle chumbani na kubaki mle. Sikumwita mbele ya sajenti, sitamwita mbele ya kamati.

Mjomba wako,
Kee


Washington, 12 Machi 1984

Mjomba,

Salamu kwako na kwa Bibi. Sitasema mengi kuhusu afya yangu kwa sababu nimekasirika, na hasira si ugonjwa.

Hawakuambii umwite. Wanataka herufi chache kwenye mstari wa fomu. Hapa naona majalada ya watu walioiba magari ya jeshi na kuuza bunduki, wanabadilishiwa vyeti kwa kuwa wameandika kurasa kumi na mbili za machozi. Wewe hukumgusa mtu, ulitoka tu chumbani, na utakufa na neno "hafai" kwa sababu ya mstari mmoja mtupu! Kila asubuhi napiga taipu majina ya marehemu, ishirini, thelathini. Hakuna hata mmoja aliyekuja kunisumbua.

Samahani. Sikupaswa kukuandikia hivi, lakini sina karatasi nyingine ya kunakili, basi yabaki.

Kuna jambo nataka kukuuliza. Nimeona kwenye kumbukumbu kwamba walimtambua kwa meno siku tisa baadaye. Siku tisa hizo nyumbani kwao waliambiwa hajulikani alipo. Mjomba, mama yake ni Mama Desbah, si ndiyo? Yule wa ng'ambo ya korongo. Je, anajua kwamba ulikuwa mle chumbani?

Mpwa wako,
Verna


Washington, 4 Juni 1984

Mpendwa Mjomba,

Hujambo? Karibu miezi mitatu hujanijibu. Mama ameniandikia kwamba kondoo wamenyolewa na umekonda. Hakuandika zaidi, nami sikuthubutu kumuuliza. Swali langu la mwisho lilikuwa la mtu asiye na adabu. Nilijua hivyo nilipokuwa nikibandika stempu.

Nimetafuta njia nyingine. Kwenye fomu mstari huo una nafasi mbili: jina, au namba ya askari. Moja inatosha. Kabla sijaamini nimesoma maelekezo mara nne. Ukiandika namba, hujamtaja mtu.

Namba yake iko kwenye kile kipande cha karatasi ndani ya bahasha. Wenzangu walipokwenda kula mchana nilifungua droo isiyo yangu. Bi. Haskell, msimamizi wangu, alirudi mapema akanikuta nimesimama pale. Aliniuliza natafuta nini, nikasema pini. Akanipa pini. Tangu siku hiyo nahisi ananitazama.

Tafadhali inakili, kisha uchome kipande hicho. Imebaki miezi mitano.

Mpwa wako,
Verna


Lukachukai, 20 Agosti 1984

Mpwa wangu,

Tu wazima hapa. Mvua zimekuja kwa pupa, zimechukua daraja dogo na choo cha jirani, jirani mwenyewe amesalimika.

Kipande chako nimekichoma bila kukinakili. Wakiniuliza nimeipata wapi namba, ningewajibu nini? Sikumpeleka mtoto wa dada yangu shule ili aende jela kwa ajili yangu.

Swali lako la Machi ndilo lililonikondesha. Sikujibu kwa sababu Mama Desbah hakujua.

Mwezi uliopita nilivuka korongo. Nikamkuta Mama Desbah na rundo la miti ya kuni, nikashika shoka. Siku ya kwanza nilipasua, nikala mchuzi wake wa kondoo, nikarudi. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu akatoka na kahawa akasema, "Wewe mtoto, umekuja kupasua kuni au umekuja kusema? Kuni zimetosha hadi nife."

Nikasema. Yote, nikitazama shoka.

Akaweka kahawa chini. Kisha akasema, "Siku tisa nilikuwa nikimpikia. Kila jioni sahani yake. Nilisema amepotea tu msituni, atatokea ana njaa." Verna, jeshi lilinifunga miezi mitatu, lakini halikuniambia neno zito kama hilo.

Nikasimama niondoke. Akanishika mkono wa shati. "Keti. Nakasirika, sijamaliza." Nikaketi. Akakasirika kwa muda, sitakuandikia. Mwishoni akasema, "Pale palikuwa pachafu?"

"Palikuwa pachafu, mama."

"Basi ulifanya vizuri kutomwita pale. Na kwa zile sahani zangu ulifanya vibaya. Yote mawili uyabebe."

Akaingia ndani, akatoa ile barua ya jeshi ya kifo aliyoifungia kwenye kopo la unga. Namba iko pale juu. Nimeinakili mbele yake. Ombi nimelituma jana kwa rejista, na nimeeleza kurasa tatu. Mkono unauma.

Anasema wakiniita, naye atakuja.

Mjomba wako,
Kee


Lukachukai, 19 Februari 1985

Mpwa wangu Verna,

Natumai baridi yenu ya majimaji haijakuua. Bibi ana homa kidogo lakini matusi yake yako palepale, kwa hiyo hatuna wasiwasi.

Bodi ilikuja Albuquerque wiki iliyopita. Tuliendesha kwa muda wa saa tano, hita ya pikapu imekufa, Mama Desbah amevaa blauzi yake ya mahameli na vito vyake vyote vya feruzi. Njiani akanikemea kwamba naendesha kama yule dereva wa shule.

Walikuwa maofisa watano nyuma ya meza ndefu. Nilisema yangu. Walisikiliza vizuri, sitawasingizia. Kisha kanali wa katikati akavua miwani.

"Bwana Etsitty, kwa ajili ya kumbukumbu, taja jina la marehemu."

Nikataja namba.

"Hiyo ni namba. Naomba jina."

"Afande, ninyi mliniita kwa namba miaka miwili, nami niliitika."

Mmoja wa pembeni akaficha kicheko kwenye kikombe. Kanali hakucheka. Akauliza tena, na mara ya tatu. Nikasikia jasho lile lile la 1969 likinishuka mgongoni. Ofisa tofauti, chumba safi, swali lile lile.

Ndipo Mama Desbah akasimama nyuma, akasema kwa lugha yetu, "Mwambie huyo mzee kwamba namba ni ya mwanangu, nimemzaa na nimemzika. Kama anataka jina, aliandike mwenyewe, kisha alale nalo."

Nikatafsiri nusu ya kwanza. Akanipiga kiwiko. "Sema yote. Kiingereza nakisikia, sikipendi tu."

Nikasema yote. Kanali akavaa miwani, akaandika kwa muda mrefu, akatuambia tutapata jibu kwa posta.

Tukala mkate wa kukaanga kwenye maegesho. Mama Desbah akasema yule mzee ana macho ya mtu anayeumwa tumbo.

Sasa nangoja. Shule imetangaza tena kazi. Dereva wao ametumbukia mara ya tatu, safari hii na watoto ndani. Hakuna aliyeumia.

Mjomba wako,
Kee


Washington, 8 Aprili 1985

Mpendwa Mjomba,

Hujambo wewe, Bibi, na Mama Desbah? Mimi mzima wa mwili.

Jibu la bodi limetiwa saini leo. Litakufikia baada ya wiki mbili au tatu, lakini nimechoka kukuficha mambo yako mwenyewe. Kura tatu kwa mbili. Neno "hafai" wamelifuta. Wamekupa cheti cha kawaida, ambacho kinakuruhusu kazi ya basi, nimehakikisha. Cheti cha heshima wamekunyima.

Sababu naijua neno kwa neno kwa sababu waliniletea mimi niipige taipu. Kati ya makarani kumi na mmoja, jalada likaangukia meza yangu. Nilipaswa kulirudisha palepale. Nikalipiga. Wameandika kwamba maelezo yako ni ya kweli, kwamba mila yako inajulikana, kwamba amri ile haikupaswa kupewa mtu kama wewe. Kisha: "Hata hivyo, mwombaji, alipoulizwa mara tatu mbele ya bodi hii, hakutaja jina."

Nilifika hapo nikaacha kupiga. Mjomba, wamekuelewa, wakaandika kwamba wamekuelewa, kisha wakakuadhibu kwa kitu kile kile walichokuwa wamekielewa mistari miwili juu yake! Na mimi ndiye niliyekuandikia mwaka jana kwamba ni herufi chache tu.

Nilimaliza ukurasa bila kosa. Nikaupeleka kwa Bi. Haskell, nikamwambia, "Huyu ni mjomba wangu. Hili jalada nililisoma tangu mwaka jana, na siku ile sikuwa natafuta pini."

Akasema, "Nilijua haikuwa pini. Pini ziko kwenye meza yako, kopo zima." Kisha akafunga mlango na kulia kidogo, yeye, si mimi, akaniambia sina budi kuondoka kabla ya saa kumi, na kwamba hawezi kunisaidia. Jibu lako halitaguswa. Ameahidi, kwa sababu kura zilikuwa zimeshapigwa. Kama nitashtakiwa bado hawajaamua.

Njia ya kudai ngazi iliyobaki ipo, kwenye bodi nyingine, ile ya kurekebisha kumbukumbu. Ni ndefu na watauliza jina tena. Ukitaka, nitakuandikia ombi mimi, wala sitakuuliza.

Sasa sikiliza jinsi ya kunipata. Usitume kitu ofisini. Hadi mwisho wa mwezi niandikie kwenye anwani ya chumba changu, iko nyuma ya bahasha. Baada ya hapo nitakuwa Albuquerque kwa Ramona, niliyesoma naye. Hana simu, lakini chini ya chumba chake kuna duka la kufulia nguo lenye simu ya ukutani. Namba nimeiandika chini ya anwani. Nitakuwa pale kila Jumapili saa nne asubuhi. Iache ilie sana kwa sababu mashine zina kelele, na akipokea mtu mwingine mwambie aniite kwa sauti: Verna Tohannie. Wakikupa kazi ya basi, nipigie. Wasipokupa, nipigie vile vile.

Mpwa wako,
Verna