Nimebaki Karuba

Mama,

Ni miezi mitano sasa tangu tukulaze huku juu, pembeni ya baba yako. Ninakuandikia mchana, nimekaa mlangoni pa nyumba ulimozaliwa. Mvua imeacha kidogo. Watu wanaopita wananiona na karatasi magotini, wanafikiri ninaandika mashtaka.

Nataka kwanza ujue kwamba sikurudi Goma. Wengine wote walirudi. Mimi nimebaki Karuba, na hata leo siwezi kukueleza vizuri nilibaki namna gani.

Siku ya kukuleta, gari lilipita Sake, likapanda milima polepole, na mimi nilikuwa nyuma pamoja na sanduku lako. Pale Mubambiro, kabla ya Sake, askari walikuwa wametusimamisha, wakauliza tunabeba nini. Mimi njo nilijibu. Nikasema, "Ni mama yangu," kama mtu anayetaja mzigo wa kawaida. Mmoja wao alivua kofia. Huku juu wanawake walikuwa wanatungoja barabarani, wakaanza kulia kabla hatujashuka. Mimi sikulia. Wala kaburini sikulia. Nilikuwa ninaangalia udongo, nikawaza tu kwamba ni mweusi kuliko nilivyofikiri. Nikasikia mmoja anamwambia mwenzake, "Binti ya muji, roho yake iko ya mawe."

Siku ya tatu ya matanga, gari likiwa tayari kurudi, Mujomba Bahati, mdogo wako, alisimama mbele ya watu akasema kwamba shamba lako sasa litakuwa malisho, maana mwenyewe ameenda na watoto wake hawajui jembe. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetangaza mvua. Na mimi nikakumbuka hospitali, ulivyonishika mkono ukasema, "Shamba yangu isilale, unasikia?" Ulisema mara mbili. Mimi nilifikiri ni homa.

Nikasema, "Mimi nitabaki."

Mama, sijui nani alisema ile neno. Mdomo ulikuwa wangu. Nilikuwa sina hata bodi, viatu vya mpira vya kwenda shambani. Nilikuwa na viatu vya kanisani na simu yenye chaji nusu. Dada zangu walinitazama, wakangoja niseme ninatania. Kisha wakapanda gari.

Huku iko baridi, Mama, baridi ambayo hukunisimulia. Asubuhi ukungu unajaa mpaka sioni jiko nje, na vidole vyangu, vile vilivyozoea mashini ya fotokopi pale kazini, havisikii kitu. Nikijikata kidole ninajua kwa kuona damu. Maji ni kushuka bonde na kupanda tena. Siku ya kwanza nilifika na nusu ya bidoni, nyingine yote nimejimwagia mgongoni. Moshi wa kuni ulinitoa machozi wiki mbili, na Mama Sifa, jirani yetu wa chini, akaniambia, "Ao sasa unalia? Bora." Sikutaka kumwambia ni moshi.

Rezo ya simu inapatikana tu juu kwenye mikaratusi. Mwanzoni nilipanda kila siku. Nilikuwa ninasimama pale, ninasoma habari za watu wa Goma, nani ameolewa, nani amefungua duka, na zote zilikuwa kama habari za nchi ya mbali. Sasa ninaweza kukaa wiki bila kupanda. Sijui kama huko ni kuzoea ao ni kuchoka.

Kitu kimoja kilinishinda kuliko jembe: salamu. Nilikuwa ninapita watu njiani kama tunavyopita kwetu Majengo, pale Goma, kila mtu na njia yake. Baada ya siku chache Mama Sifa alikuja kuniambia kwamba kilima kizima kinasema nina kiburi. "Huku muntu hapitiwe kama muti," akasema. Nikaanza kusimama. Umeamkaje, watoto wamelala vizuri, ng'ombe wamezaa, mguu wa mzee unaendeleaje. Kwenda kisimani kunachukua saa nzima. Na siku moja, nimesimama na bidoni kichwani ninamuuliza mzee habari za mguu wake, nikakuona wewe kwenye avenue yetu, unasalimia mwenye kuuza makala ya kupikia, unasalimia watu wa moto na pikipiki zao, unasalimia hata mwenye kututukana. Mimi nilikuwa ninatangulia hatua kumi ili wenzangu wa shule wasijue kama tuko pamoja. Nisamehe hiyo. Ulikuwa unaiona, najua, na hukuwahi kuniita nikungoje.

Maharagi nilipanda vibaya. Nilitia mbegu saba, nane katika kila shimo, nikifikiri ndivyo zitaota nyingi. Mama Sifa alipoona alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akafunga kitenge vizuri, akainama, tukafukua mistari yote, mbegu kwa mbegu. "Tatu, mutoto. Mbili zikikufa, moja inabaki." Tulimaliza kwa siku mbili. Yalipoota nilikata matete, nikasimika miti ya kupandia, na maharagi yakaanza kujizungusha. Nilikuwa ninaenda kuyaangalia tu, bila kazi yoyote. Sikusikia furaha, Mama, nisikudanganye. Lakini nilikuwa ninaenda.

Halafu asubuhi moja nikakuta ng'ombe ndani. Kumi na mmoja. Miti imevunjika, majani yameliwa, na Mujomba Bahati amesimama pembeni na fimbo yake, hafukuzi.

Nikamwambia, "Mujomba, ondoa ng'ombe."

"Utarudia tu Goma," akasema. "Leo ao mwezi kesho. Uliona wapi muntu wa fotokopi analima Karuba?"

Sikuwa na nguvu ya kupiga kelele. Hata hasira sikuiona ilipo. Niliingia katikati ya shamba, nikakaa chini kwenye matope. Ng'ombe mmoja alikuja akaninusa shingo. Nikabaki. Sijui muda gani ulipita. Nikainua macho nikaona Mama Sifa amekaa nyuma ya mgongo wangu, halafu wanawake wengine wawili, wale waliosema roho yangu iko ya mawe. Mama Sifa alikuwa hata anamenya mihogo yake.

Mwisho Mujomba akapiga mluzi, ng'ombe wakatoka.

Siku nne hakupita mbele ya nyumba. Jumapili, watu wakitoka kanisani, nilimuona anapanda na mzigo mkubwa wa matete begani. Akautupa mlangoni. Nikampa kiti, akakataa, akakaa juu ya jiwe.

"Tangu afe sijalia," akasema. "Watu wanafikiri mwanaume njo vile. Nilikuwa mudogo, yeye njo alinibeba mugongoni akiwa analima pale. Kila nikipita ninamuona ameinama. Nikasema, ng'ombe zikule yote, iwe majani tu, nisimuone tena."

Nikamwambia, "Na mimi sijalia."

Akaniangalia kama vile ndiyo siku ya kwanza kunifahamu. Tukakaa hivyo, Mama, watoto wako wawili wasiojua kulia. Baadaye nikaleta bukari na mboga ya sombe, tukala katika sahani moja. Jumatatu alfajiri alikuwa shambani mbele yangu. Tumesimika miti yote upya. Maharagi yaliyobaki na mizizi yamechipuka tena, si yote, labda nusu. Pale palipo wazi tumetia viazi, na mbegu alitoa yeye.

Kuna siku tunasikia milio ya bunduki upande wa mbali, na watu wanafunga vitu vyao katika vitenge, wanangoja. Na mimi ninafunga vyangu. Halafu inanyamaza, tunafungua, tunarudi kulima. Sikuandikii ili uogope. Nakuandikia jinsi tunavyoishi.

Nyumba ya Goma, ile tuliyopanga, nimeirudisha kwa mwenyewe kwa simu. Nguo zako dada wamegawana, mimi niliomba tu sweta ya kijani, wakanitumia. Nimeivaa sasa. Haina tena harufu yako, ina harufu ya moshi, na nimekubali.

Mama, ninakuaga hapa, maana mvua inarudi na kuni ziko nje. Usinitarajie kuja kaburini na maua, huku hakuna mwenye kufanya hivyo. Lakini nitapita kila siku, ni njia ya shamba. Sitakuahidi kwamba nitakuwa sawa. Nitakaa mpaka maharagi yakauke, nitayapiga, nitayapepeta. Halafu nitakaa tena.

Lala, Mama.

Mwanao,
Zawadi