Kaka Athumani, Leo Nimeingia Baharini

Kaka Athumani,

Shikamoo. Mola akupe nuru huko ulikolala. Usinicheke mwandiko, naandika haraka kwa furaha. Leo nimeingia baharini, kaka. Mimi Kassimu, mdogo wako, ambaye tangu tukuzike nilikuwa siwezi hata kuitazama bahari.

Mengi hukuyaona, acha nikueleze. Siku ile umezamia pweza, na wale wavuvi haramu wakarusha baruti karibu yetu, mimi nilikuwa kwenye ngalawa nakusubiri. Wewe mlipuko ulikuchukua; mimi nilirudi Mkwaja, kijijini kwetu, bila hata mkwaruzo. Watu wakaniambia nishukuru. Lakini ule mlipuko nilirudi nao mwilini. Mlango ukibamizwa, nipo chini ya kitanda. Sufuria ikianguka, jasho linanitoka.

Nikahamia Tanga mjini, nikapanga chumba Usagara. Huko mtu akanionjesha unga, ile heroini. Kaka, masikio yangu yalitulia kwa mara ya kwanza. Kisha huo unga ukanila. Nikauza mpaka godoro, nikalala vibarazani. Arosto ikinishika, yale maumivu ya kukosa unga, mifupa ilikuwa kama inasagwa.

Mama ndiye aliyenifuata. Hakunigombeza. Alikaa kando yangu pale barazani, akasema, "Kassimu, nimeshazika mmoja. Inuka twende."

Akanipeleka soba hausi, nyumba ya wanaoacha unga. Sasa kila asubuhi nakwenda kituoni kunywa methadoni, dawa ya kutuliza arosto, kisha tunakaa na Dada Rehema, mshauri wetu. Yeye ndiye aliyeniambia, "Mwili wako bado uko kwenye ngalawa ile. Tutaurudisha nyumbani taratibu." Akanifundisha kupumua: mkono mmoja kifuani, mmoja tumboni, pumzi uitoe polepole kuliko ulivyoivuta. Nilidhani ananitania. Mtu mzima afundishwe kupumua!

Alhamisi baada ya alasiri huja Maalim Bakari pale soba hausi, tunapiga zikri. Tunasimama bega kwa bega, tunayumba pamoja, pumzi zetu zinakuwa moja. Wenzetu Wakristo huomba kwao chumba cha pili, kisha wote tunakunywa uji. Alhamisi moja, katikati ya zikri, nikakulilia. Sikuwahi kukulilia, kaka, hata siku ya mazishi. Hakuna aliyeninyamazisha. Tulipomaliza, Maalim alinishika bega akasema, "Dawa usiiache, na dua usiiache."

Na leo asubuhi Dada Rehema akatupeleka ufukweni. Nikaingia mpaka magotini, mpaka kiunoni, mpaka kifuani. Yeye akasimama pembeni yangu na nguo zake zote zimelowa. Mara barabarani lori likapasuka tairi. Mwili wote ukaruka. Miguu ikataka kukimbia.

"Kassimu, uko wapi sasa hivi?" akaniuliza.

Nikasema, "Niko Tanga. Niko majini. Niko hai."

Nikaweka mkono tumboni. Nikatoa pumzi, nikatoa tena, na kule kutetemeka kukashuka kidogo kidogo mpaka kukaisha. Sikutoka majini, kaka. Nilibaki. Ndipo nikakukumbuka ulivyokuwa ukinishikilia mgongo utotoni, ukisema, "Legeza shingo, maji yatakubeba." Nikalegeza. Yakanibeba. Nikacheka mpaka nikameza maji ya chumvi.

Nilipompigia Mama simu, alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaolewa.

Sikudanganyi kwamba nimepona. Siku nyingine bado nashtuka, na hamu ya unga inanipitia. Ila sasa najua inapita.

Tangu nihamie Tanga sijakanyaga Mkwaja. Ijumaa hii nakuja kaburini kwako na Mama. Yasini nitakusomea mwenyewe, simtumi mtu. Machozi yakinikatisha, nitanyamaza, nivute pumzi, kisha niendelee pale nilipoachia. Nakuahidi nitaifikisha mwisho.

Pumzika, kaka yangu. Nakuja.

Mdogo wako,
Kassimu